Binti wa Ukoo wa Tolo

Komani, Jumatatu 3 Machi

Mwanangu Sinazo,

Kabla hujasoma, kaa vizuri, maana barua hii inatoka kwa mtu mkubwa. Mimi ndiye Zoleka, mpishi wa meli za uvuvi kutoka Walvis Bay mpaka Hispania, niliyemtukana nahodha kwa lugha nne huku nikimkaangia samaki, na bado akaomba aongezwe. Mwenye saluni bora kuliko zote Komani, waulize hata wanaonichukia. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, lakini juzi daktari mzima alisimama akanipisha kiti. Wanawake kama mimi na wewe, tuliozaliwa tukapachikwa majina ya mababu wenye ndevu tukayakataa, hatupishwi viti kila siku. Nilikaa polepole ili wote waone.

Ulipoingia saluni umevaa koti la mtu mwingine, nilikuwa nimeshika kichwa cha mke wa mchungaji, nusu kimesukwa. Nilikiacha hivyo hivyo. Mpaka leo hanisalimii.

Nisichosahau ni yule polisi wa zamu aliyewaita wenzake waje kukutazama kama mbuzi wa vichwa viwili. "Njooni! Huyu anasema amebakwa. Mwambieni aamue kwanza yeye ni nani!" Wakacheka mpaka wakashika meza. Hospitali wakasema kalete karatasi ya polisi. Polisi wakasema kalete karatasi ya hospitali. Na ile dawa ya kuzuia virusi ina siku tatu tu, ikipita hapo ni pole yako. Ndipo nikapiga kelele ile unayoijua. Dawa ukaipata siku ya pili, na mimi nikapoteza sauti wiki nzima. Komani ikapumzika.

Kelele ile imezaa, mwanangu. Sasa tuna Meza Moja. Muuguzi Phumeza, yule sajenti wa kike, afisa ustawi na mwendesha mashtaka, wote chumba kimoja pale hospitali, na mimi kwenye kona kama mama mkwe. Sheria ya chumba nimeitunga mimi. Aliyeumizwa anasimulia mara moja, kwa mtu mmoja, na huyo ndiye anayefikisha habari panapohitajika kwa kesi. Wengine kila mtu anaambiwa kinachohusu kazi yake, basi. Wa dawa, dawa. Wa kitanda, kitanda. Nimeiandika kwa mkono wangu kwenye kadibodi nikaibandika ukutani. Nimekosea herufi mahali pawili, daktari akasema iache hivyo, inapendeza.

Ndiyo maana sijakuuliza ni nani. Mimi, Zoleka, ambaye hata maiti ningemuuliza habari za huko, sikuulizi. Umemwambia Phumeza. Imetosha.

Na kuhusu hapo ulipo, nikupe uhondo. MaTolo, mwenye nyumba hiyo, alikataa kata kata. "Hii ni nyumba ya wanawake waliokimbia," akasema. Nikasema, "Huyu ni mwanamke na amekimbia." Akasema, "Mwanamke wa namna gani?" Nilitaka kumwonyesha namna, nikakumbuka nina akili. Nikasema, "Mama, huyu ni mtoto wa ukoo wa Tolo." Akauliza, "Tolo wa wapi?" "Tolo huyo huyo wako. Kwa ukoo, wewe ni shangazi yake. Haya, funga geti, nami niende kuwatangazia watu kwamba shangazi kamwacha mtoto wa kaka yake nje na mvua." Mvua yenyewe haikuwepo. Lakini geti lilifunguka.

Kwa hiyo tulia hapo. Simu wanazishika getini, ni kanuni yao, nzuri tu. Barua zitapanda gari la dawa la hospitali kila Ijumaa. Meza vidonge mpaka mwisho hata vikikutapisha. Kesi ni Aprili, na bila wewe kusimama mbele ya hakimu ukasema kwa kinywa chako, hakuna kesi. Kazi yako ni moja tu: usionekane mpaka siku hiyo.

Mama yako wa kujitwalia,
Zoleka


Nyumba ya Mlimani, Ijumaa 7 Machi

Kwako Sista Phumeza,

Salamu kwa heshima. Vidonge nameza. Vinanichafua tumbo, lakini chai ya maziwa inavituliza.

Nimepewa chumba cha peke yangu karibu na stoo. Wanawake wengine waliomba nisitumie choo cha ndani, nami natumia cha nje. Yupo mmoja anayeniletea maandazi akidhani wenzake hawamwoni. Mama MaTolo ni mkali kwa wote ila kwangu ananiita mtoto wa kaka, na mezani ananiweka karibu naye. Huo wema wake unanitia hofu kuliko kile choo.

Sista, nakuomba tena. Ni wewe tu, sajenti na mwendesha mashtaka mnaojua kwamba ni Mncedisi. Mama Zoleka asijue. Nampenda, lakini kinywa chake hakina mlango, atakwenda kijijini kwetu na spika ya saluni juu ya gari. Na Mama MaTolo asijue, kwa sababu yeye ni Tolo, na Mncedisi ni Tolo. Ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Mama yangu alipofariki tulilelewa ua mmoja, tukala sahani moja. Siku ile alisema familia ilichinja ng'ombe nilipotoka jandoni, na ng'ombe yule hakufa bure, kwamba yeye atanirudisha niwe mwanamume kwa lazima. Hayo yote nilishakwambia. Nayaandika tena ili ujue kwa nini nahitaji mlima uwe mrefu.

Sinazo


Nyumba ya Mlimani, Ijumaa 14 Machi

Kwako Zoleka mwenye kelele,

Mimi si mtu wa kuandika barua ndefu. Mtoto yupo, anafanya kazi, ana adabu. Anapika ugali wa mahindi na maziwa mgando kama tulivyofundishwa sisi. Nilidhani ningeona maajabu. Nimeona msichana mwoga.

Yaliyompata sijaambiwa na sikuuliza. Sista Phumeza aliniambia mimi kazi yangu ni kitanda. Sawa. Lakini kitanda kisicho na ukoo ni kitanda cha wodini. Mtoto wa Tolo amelala kwangu bila blanketi la kwao, bila mtu wa kumwulizia kama yu hai! Shangazi gani atakaa na mtoto wa kaka yake kimya kimya kama aliyemwiba? Nimeulizia kanisani mpaka nikapata. Baba yake mkubwa ni Mzee Gcinumzi, mtu wa heshima, baba zetu walichunga pamoja. Nimempelekea salamu kwamba mtoto wao yuko mikononi mwangu, mzima, wasihangaike. Wamenijibu kwa furaha kubwa. Watakuja kumwona Jumapili ya tarehe ishirini na tatu.

Mtoto sijamwambia. Nataka aone mwenyewe.

MaTolo


Komani, Jumatatu 17 Machi

Shangazi wa mashangazi,

Nimesoma barua yako nikiwa na kichwa cha mteja ndani ya sinki, nusura nimzamishe kwa furaha! Hilo ulilolifanya hakuna ofisi ya serikali yenye dirisha lake. Polisi wanaweza kumleta daktari, daktari anaweza kumleta wakili, lakini nani anamletea mtoto ukoo wake? Mimi kwetu walifunga mlango nikiwa na miaka kumi na saba, na hakuna shangazi aliyetuma salamu. Ningelipata shangazi kama wewe nisingelipika hata dagaa mmoja baharini.

Nikienda Bhisho kwenye mkutano wa mkoa nitasema: mezani petu panahitajika kiti cha tano, kiti cha ukoo. Na nitasema wazo ni langu, usinikasirikie, wewe huendi mikutanoni.

Wapikie kitu kizuri. Na usimwambie mtoto, mshtukize!

Zoleka


Nyumba ya Mlimani, Jumatatu 24 Machi

Mama Zoleka,

Walikuja jana. Nilikuwa nafua. Nikasikia Shangazi anaita majina ya sifa ya ukoo, Tolo, Dlangamandla, nikajua kabla sijageuka. Gari jeupe. Baba mkubwa mbele na kofia yake. Mke wake nyuma na kikapu. Aliyeendesha alikuwa Mncedisi.

Wewe hukuuliza, nami sikukwambia. Basi ndiye huyo. Ndiye yeye, Mama.

Shangazi alinifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake, akanipa sinia. "Nenda kawaandalie watu wako." Nikamimina chai. Baba mkubwa akaonja, akacheka. "Binti, mbona yangu haina sukari?"

Binti. Mtu aliyenipiga kwa mkanda kwa kuvaa sketi ya marehemu mama. Nimelisubiri neno hilo maisha yangu yote. Lilipokuja, lilikuja na sinia.

Baba mkubwa akasema, "Tumekubali. Kama ni msichana, awe msichana. Nani anabishana na Mungu?" Shangazi akapiga vigelegele. Mimi nikafika kwa Mncedisi. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema, "Asante, dada." Vidole vyake vikagusa vyangu. Akaniuliza mbele ya wote, "Wanakulisha vizuri huku? Chumba chako ni kipi?" Na mke wa baba mkubwa akamwonyesha kwa kidole, maana Shangazi alishamtembeza.

Baada ya maandazi baba mkubwa akasema kuna ugomvi mdogo wa watoto umeteleza ukafika polisi. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Sisi tumekuja na kapu." Watakuja Jumamosi hii na kondoo na blanketi, wanitoe kama mwali. Tukitoka hapa tunapitia kituoni niseme yamekwisha. Binti hampeleki kaka yake mahakamani. Mwanamume angeweza, alisema. Binti hawezi.

Walipoondoka nilimfuata Shangazi jikoni nikamwambia yote. Neno kwa neno, jinsi nilivyomwambia Phumeza. Alifuta kikombe kile kile, tena na tena. Kisha akasema, "Kwa hiyo ndiyo maana wamekuja na heshima." Nikasema, "Shangazi!" Akasema, "Unadhani mimi nilizeeka vipi? Mwanamke akikosewa nyumbani, hutengenezewa nyumbani. Ulitaka kuwa mwanamke, mtoto wangu. Karibu."

Hakusema kwa ubaya. Alinifunika kwa shali yake.

Mama, njoo kabla ya Jumamosi. Njoo na sajenti, njoo na kelele, njoo na spika. Barua hii imeshonwa ndani ya boksi la chupa tupu za dawa, itaondoka na gari la Ijumaa. Sijui itakukuta wapi.

Sinazo


Bhisho, Jumamosi 29 Machi

Mwanangu Sinazo,

Naandika kutoka hotelini, kitanda kina mito sita na mimi nina kichwa kimoja! Jana nimesema mbele ya wakubwa wa mkoa. Walinipa dakika kumi, nikachukua arobaini. Jina lako sikulitaja, lakini nimewaeleza jinsi dada mmoja alivyorushwa kama mpira kati ya kituo na hospitali, na jinsi alivyosimulia mara moja tu, akapata dawa, wakili, kitanda, na mwisho, nikashusha sauti hapo, akapata ukoo wake. Nikawapa habari ya shangazi na chai. Mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu alilia. Walisimama, Sinazo. Walisimama kunipigia makofi, mimi wa darasa la sita! Wanataka wilaya zote zifanye kama sisi.

Niambie chai ilikuwaje. Umelia? Najua umelia. Nimekununulia blauzi ya bluu ya kwenda nayo mahakamani, yenye kola, uonekane kama mwenye benki.

Mama yako maarufu,
Zoleka


Nyumba ya Mlimani, Jumapili 30 Machi

Kwako Zoleka,

Mtoto hayupo. Jana asubuhi alikwenda kuteka maji na hakurudi. Ndoo tumeikuta imesimama wima, imejaa.

Watu wa kwao walifika saa nne na kondoo, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka getini, na mimi nimesimama pale sina mtoto wa kuwapa. Katika umri wangu sijapata aibu kama hiyo. Mncedisi alizunguka mlima mzima anamwita kwa jina, lile la kike, mpaka jua likazama. Kijana amejirudi, mtu ana macho anaona. Amenipa namba yake ya simu.

Ukimpata mtoto, mwambie baba yake mkubwa amemsamehe. Na unijulishe yuko wapi, ili nami niwajulishe.

MaTolo


Komani, Jumatatu 31 Machi

Phumeza,

Simu hupokei, kwa hiyo soma.

Nimerudi leo nimekuta barua ya Sinazo, ile aliyoshona kwenye boksi. Ilikaa kwenye stoo yenu ya dawa tangu Ijumaa, na mimi nilikuwa napigiwa makofi.

Wewe ulijua ni nani. Ulijua ni Tolo, ukamwacha akalale kwa Tolo. Kwa nini hukuniambia neno moja? Neno moja tu, "hapo hapafai." Ningembeba mgongoni.

Sina mzaha leo.

Zoleka


Komani, Jumanne 1 Aprili

Mama Zoleka,

Niliomba MaTolo aambiwe asiwasiliane na familia. Afisa ustawi akasema tukimwambia hivyo tutakuwa tumemwambia sababu, na MaTolo kazi yake ni kitanda. Tulitazama kadibodi yako ukutani. Basi MaTolo hakuambiwa. Sinazo mwenyewe aliniomba, kwa maandishi, wewe usijue. Nilitunza siri yake. Ndiyo kazi niliyopewa na meza.

Nawe nikuulize: geti lile ulilifungua kwa neno gani?

Sajenti ametafuta hospitali zote na chumba cha maiti. Hayupo. Vidonge vyake vya siku zilizobaki amevichukua. Hilo linanipa usingizi kidogo.

Phumeza


Pasipo anwani, Alhamisi 17 Aprili

Mama Zoleka,

Niko hai. Nakula. Nina kazi ya mikono, na kitanda ambacho sikupewa na mtu.

Juzi nilikwenda mahakamani. Najua mlinitafuta kila mahali, isipokuwa benchi la nje la mahakama ambapo nilikaa tangu alfajiri nikiwa nimevaa koti na kofia za kiume. Hilo ndilo vazi ambalo hakuna hata mmoja wao angenitafuta ndani yake. Niliingia chooni nikabadilisha, nikavaa gauni. Askari mlangoni akacheka, akamwita mwenzake. Vicheko vile vile. Nilipita.

Upande wao ulijaa. Baba mkubwa, mke wake, watu wa kanisa. Shangazi MaTolo alikuwa nao, na beseni la chakula mapajani, kwa ajili ya Mncedisi kama angerudishwa mahabusu. Aliponiona alisogea kunipa nafasi pembeni yake. Kweli alisogea. Sikukaa.

Wakili wao alisimama akasema familia imeshapatana, mlalamikaji amepokewa nyumbani kama binti, chai imenyweka, wapo mashahidi. Baba mkubwa akaitwa. Akasema kwa sauti ya upole, "Huyu ni binti yetu, Mheshimiwa. Tunampenda." Karani akaandika hivyo. Miaka yote nilitaka mtu aliandike neno hilo mahali, na sasa limeandikwa kwa mhuri wa mahakama, kama utetezi wa Mncedisi.

Mwendesha mashtaka aliomba niulizwe peke yangu. Hakimu akaniuliza kama naifuta kesi. Nikasema hapana. Akauliza kama naelewa maana yake kwa familia yangu. Nikasema naelewa. Basi nikasimulia, Mama. Tangu mwanzo, mbele ya wote, mbele ya mke wa baba mkubwa aliyeziba masikio ya mjukuu wake. Haikuwa mara moja, maana wakili wao alinirudisha nyuma kila kipande, akitumia lile jina la kiume nililolikataa, hakimu akimkanya na yeye akiomba radhi na kulirudia. Ilichukua siku nzima. Kesi imesimama. Itaendelea Julai. Mncedisi yuko nje kwa dhamana, akala lile beseni lote kwenye ngazi za mahakama, pamoja na watu wetu.

Sajenti ameniambia unalia saluni, mpaka wateja wanakushika mkono. Usilie. Neno la ukoo lilikuwa ufunguo pekee uliokuwepo, nami niliingia kwa miguu yangu nikijua geti ni la nani. Nililala karibu wiki nne. Nisingezilala kwingine kokote.

Lakini siwezi kukwambia niliko. Si kwa hasira. Wewe una moyo mkubwa, na moyo wako una milango mingi, na kila anayepita anakuta imefunguliwa. Sajenti ana namba ya kunipata, yeye peke yake, na nimemwambia hata hiyo meza isijue.

Nilipotoka mahakamani giza lilikuwa linaingia. Kila mtu alikuwa na mtu wake pale nje, anashikwa bega, anapewa maji. Nilikutaka sana saa ile, Mama, wewe na kelele zako. Ndiyo maana sikukuaga, wala sikukwambia ni siku gani nitafika mahakamani. Ungenikumbatia pale barabarani ukaniita kwa sauti, na Mncedisi alikuwa amesimama ng'ambo, anatazama kila mwanamke anayekumbatiwa.

Sinazo